Jumla Wanne, Hayupo Mmoja

Jumanne, 20 Februari

Nimeanza tena kuandika kwa sababu humu ndani hakuna mtu mzima wa kuzungumza naye. Gang-uk, mume wangu, ni fundi wa mitambo kwenye meli ya jeshi, na meli iliondoka hapa bandarini Jinhae katikati ya Januari. Iko wapi siulizi, na hata ningeuliza asingesema. Ninachojua ni kwamba itarudi mwisho wa Machi, na Da-on, binti yetu, anatimiza mwaka mmoja tarehe 2 Aprili. Sherehe ya mwaka mmoja ya kaka yake aliikosa. Safari hii aliniambia akiwa ameshika kitasa cha mlango, "Se-ran, ya huyu sikosi." Nimeyaweka maneno hayo kama akiba.

Tae-o, miaka mitano, ndiye kamanda wa nyumba. Baba yake alimwachia amri moja: kila jioni kabla ya mswaki ahesabu watu. Basi anasimama mlangoni mwa jiko, mkono kwenye paji la uso, na salamu ya wanamaji mdomoni.

"Ushindi. Naripoti. Jumla wanne, hayupo mmoja, waliopo watatu."

Mimi lazima niulize, "Sababu ya kutokuwepo?"

"Yuko baharini."

"Vizuri, endelea na kazi."

Kazi ni mswaki. Hapo ukamanda unaisha na mbio zinaanza.

Alhamisi, 22 Februari

Mama Yu-chan wa ghorofa ya chini amegonga dari yake kwa ufagio tena. Nimetandika magodoro ya sponji mpaka mlangoni mwa choo, watoto wanavaa soksi nene, sasa anataka niwaning'inize kwenye taa? Ningemjibu, lakini mumewe ni mkubwa wa Gang-uk kwenye meli ile ile. Nimefunga kinywa na kukoroga mchuzi kwa nguvu.

Ijumaa, 2 Machi

Siku ya kwanza ya Tae-o kwenye shule ya chekechea. Amempigia mwalimu saluti. Mwalimu, maskini, akajibu.

Ijumaa, 9 Machi

Leo nimejiaibisha. Mwaka jana tarehe kama ya leo ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mama mkwe, na nilikuwa nimeizungushia wino mwekundu tangu Januari ili mwaka huu nisilaumiwe. Asubuhi nikawakalisha watoto, nikampigia simu kijijini kwake Namhae, Tae-o akaimba wimbo wote mpaka mwisho, Da-on akapiga kelele panapofaa. Upande wa pili kimya.

"Mama? Umetusikia?"

"Nimewasikia. Mmeimba vizuri. Nani kazaliwa?"

"Si wewe, Mama?"

"Mimi nimezaliwa mwezi wa pili, siku ya kumi na mbili. Toka nje usiku uutazame huo mwezi, halafu uniambie kama ni mwezi wa pili."

Nilikuwa nimesahau. Wazee wake wanafuata mwezi wa mbinguni, si hii kalenda ya benki iliyo ukutani, na mwaka jana uliongezwa mwezi mmoja mzima katikati, kama inavyofanyika kila miaka michache ili majira yasipotee njia. Kwa hiyo siku zote zimesukumwa mbele. Siku yake mwaka huu ni tarehe 28.

"Samahani, Mama."

"Samahani ya nini? Kuwahi si kosa. Siku ya kuzaliwa huvutwa mapema, haicheleweshwi. Ungechelewa, hapo ndipo tungeongea." Kisha akanitumia mchicha wa kwao, boksi zima, kwa basi. Namwogopa yule mama, lakini mchicha wake ni mtamu.

Jumatano, 14 Machi

Nimelala kidogo, nimeoga, sasa naweza kuiandika jana.

Tae-o aliamka akiwa wa moto. Hakutaka katuni, hakutaka kukimbia, akajilaza kwenye sponji akikodolea macho dari. Kufika saa nne Da-on naye akashika moto, na ya kwake ilikuwa mbaya zaidi. Aliacha kulia. Mtoto anayelia nina dawa yake, lakini mtoto anayeniangalia tu nilikuwa sijawahi kumwona. Nikampa dawa ya homa, akaitapika. Nikampa tena, akaitapika. Nikatafuta viatu vyangu nikakuta nimevaa kimoja. Gari tunalo, liko chini, lakini nani amshike huyu mdogo huku mimi naendesha, na mkubwa hawezi kusimama? Nikakaa sakafuni katikati yao nikasema kwa sauti, "Gang-uk, uko wapi na wewe," kana kwamba angejibu kutoka huko kwenye mitambo yake.

Mlango ukagongwa. Mama Yu-chan, na ufagio mkononi. Nilidhani amekuja kunipiga.

"Mbona kimya?" akauliza.

"Samahani, leo hata hatuja..."

"Nauliza mbona kimya. Tangu asubuhi sijasikia mguu hata mmoja huku juu. Hawa watoto wako wakinyamaza mimi siwezi kufagia." Akachungulia, akamwona Da-on, akautupa ufagio pale pale ngazini. "Funguo za gari."

Ghorofa tano, hakuna lifti. Alimbeba Tae-o mgongoni mpaka chini, mwanamke wa miaka hamsini na magoti yake mabovu, akilalamika kila ngazi. Akaendesha yeye. Hospitali wakasema ni mafua makali, Da-on akawekewa dripu kwenye mguu wake mdogo, na baada ya saa moja akaanza kulia. Sijawahi kufurahia kilio namna ile. Mama Yu-chan akanipa kitambaa nijifute pua, akasema, "Sasa unalia wewe? Mmoja mmoja basi."

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Nimetukana mwezi mzima, mkunga akaja na ufagio wake.

Jioni kamanda aliripoti akiwa amelala, macho nusu. "Jumla wanne, hayupo mmoja." Sababu hakuitaja, usingizi ulimchukua.

Jumamosi, 17 Machi

Wote wazima. Wamekimbia saa mbili mfululizo. Kutoka chini, hata pigo moja la ufagio halikusikika.

Jumatano, 21 Machi

Da-on anatazama kila siku ile video ambayo baba yake aliiacha kwenye simu, anasoma hadithi ya sungura. Anaibusu simu. Kioo chote mate.

Jumamosi, 24 Machi

Mama Yu-chan amepanda na sahani ya chapati za vitunguu. Nikajua kuna jambo, maana hakuzila.

"Mama Tae-o, nikwambie mimi kabla hujaambiwa na mwingine. Wameongezewa kazi. Hawarudi mwezi huu."

"Lini basi?"

"Karibu na tarehe kumi na nane Aprili. Na hiyo nayo, unajua mwenyewe."

Najua mwenyewe. Nimeolewa na jeshi mwaka wa saba huu. Nikamshukuru, nikala chapati mbili, akashuka, nikaenda bafuni nikafungua maji nikalia humo ili watoto wasisikie. Si kwamba naomba makuu. Ni asubuhi moja tu. Mtoto anawekwa mbele ya meza, anachagua kitu cha kutabiri maisha yake, watu wanacheka, wanakula keki za mchele. Nataka baba yake awe amekaa pale, si picha yake.

Jumapili, 25 Machi

Nimempigia mama mkwe. Nimejaribu kwa upole.

"Mama, tukisogeza sherehe mpaka Baba Tae-o arudi, hata wiki tatu tu..."

"Hapana."

"Watu wengi siku hizi..."

"Watu wengi siku hizi wanakula wali wa mashine dukani. Siku ya kuzaliwa huvutwa mapema, haicheleweshwi. Ukimchelewesha mtoto leo, mambo yake yote yatachelewa, masomo, ndoa, kila kitu. Fanya tarehe mbili, au fanya kesho, nitakuja na vitunguu saumu vyangu. Baadaye, hapana."

"Tae-o tulimfanyia bila baba yake."

"Na kakua. Tazama anavyoimba."

Sikio halipiti kichwa. Nimeagiza keki za mchele kwa tarehe mbili. Nimekata simu nikaipigia sufuria kelele. Yule mama ana moyo wa jiwe la kusagia, na hilo naliandika kwa wino.

Jumatatu, 26 Machi

Tae-o ameipata albamu. Amekaa na picha za sherehe yake, anasoma watu kama orodha ya zamu. "Huyu Bibi. Huyu Mama, mwembamba. Huyu mimi. Baba yuko wapi?"

Nikamwonyesha kofia. Tuliiweka kofia ya Gang-uk juu ya mto, pale ambapo angekaa. Tae-o mdogo alipita uzi, kalamu, noti, mchele, vyote alivyotandaziwa, akatambaa mpaka kwenye kofia akaitia mdomoni. Kila mtu alicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, nakumbuka, mpaka taya zikauma.

"Kwa hiyo Baba hakuniona nikichagua," akasema.

"Alikuona kwenye picha."

Akafikiri. "Kwenye picha sichagui. Nimeshachagua."

Nikampa biskuti.

Jumatano, 28 Machi

Nimeandika tarehe kwa herufi kubwa.

Leo ndiyo siku ya kuzaliwa ya mama mkwe, ya kweli. Sikuwa na hamu, ila wajibu ni wajibu. Nikawakalisha watoto tena, Tae-o akaanza kuimba tena, na mimi nimeshika simu nikitazama ukuta, kalenda, duara langu jekundu kwenye tarehe tisa. Tisa mwaka jana. Ishirini na nane mwaka huu. Nikamkatiza mtoto katikati ya wimbo.

"Mama. Siku yako imesogea mbele kwa sababu mwezi uliongezwa."

"Tumeshayaongea hayo. Mwache mtoto aimbe."

"Huo mwezi uliongezwa wakati gani wa mwaka?"

"Baada ya mwezi wa tano. Kulikuwa na joto, mvua haikuja, vitunguu saumu nilivikausha vizuri."

"Na Da-on alizaliwa kabla ya hapo au baada?"

Nilisikia redio yake, kisha nikasikia redio inazimwa.

"Alizaliwa mwezi wa tatu," akasema polepole. "Siku ya sita. Nakumbuka, mwezi ulikuwa bado mwembamba." Halafu nikamsikia anahesabu kwa vidole, ule mnong'ono wake. Nilibana pumzi. Tae-o naye akabana pumzi bila kujua kwa nini.

"Tarehe ishirini na moja Aprili," akasema. "Jumamosi."

"Meli inarudi tarehe kumi na nane, Mama."

"Nani kakufundisha ujanja huu?"

"Wewe."

Nilingoja radi. Badala yake nikasikia sauti ambayo katika miaka saba sijawahi kuisikia. Alikuwa anacheka, mpaka akakohoa.

"Basi sikiliza, mwanangu. Nyumba yetu imefuata mwezi tangu babu wa babu zake. Huyo mtoto hajatimiza mwaka mpaka mwezi useme. Mtu akikuuliza, mwambie mama mkwe wako ni mkaidi na hakubali kalenda ya benki. Mpigie mtu wa keki."

Neno "mwanangu" nimelisikia. Lile jiwe la kusagia nalifuta. Siwezi kulifuta, ni wino, lakini nalifuta.

Jumapili, 1 Aprili

Miti yote ya cheri imechanua maua, mji umekuwa mweupe, na nusu ya Korea imekuja kuupiga picha. Nimetumia saa nzima kuvuka barabara kununua vitunguu vya majani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Huyu mwenyeji hajapona.

Jumatatu, 2 Aprili

Kwa kalenda ya benki leo Da-on ana mwaka. Tumenyamaza kama wezi. Mama Yu-chan tulipokutana ngazini akanikonyeza tu.

Ijumaa, 6 Aprili

Mvua na upepo. Maua yote yako chini, yamebandikwa kwenye magari. Gang-uk hajaona hata moja mwaka huu. Tae-o ameokota mfuko mzima "kwa ajili ya ushahidi," ameuweka kwenye friji karibu na kabichi yetu ya kimchi.

Alhamisi, 12 Aprili

Mfuko wa ushahidi unanuka. Kamanda amekataa kuutoa.

Jumatano, 18 Aprili

Wamerudi.

Bendi, mabango, watoto wamevishwa kama maua, sisi wake tumejipaka poda ambayo iliharibika ndani ya dakika tano. Gang-uk kashuka mwembamba, mweusi machoni, anacheka mpaka ufizi. Tae-o alisimama wima mbele yake, akapiga saluti, akaanza kuripoti, akashindwa kufika hata kwenye jumla. Akamrukia shingoni. Da-on alimtazama yule mwanamume, akanitazama mimi, akapiga yowe lililoizidi bendi.

Alikuwa na saa tatu tu za kuja nyumbani kabla ya kurudi kwenye zamu. Kila akimkaribia binti yake, yowe. Na yule yule binti yuko sakafuni anaibusu simu, sungura anasomwa. Gang-uk alikaa kwenye sponji, mikono magotini, na nilimwona jinsi ilivyomchoma. "Ananipenda kwenye simu," akasema.

"Basi rudi kwenye simu," nikamwambia, nusu mzaha.

Akainuka, akaenda bafuni, akafunga mlango, akapiga simu ya video. Da-on akaona uso, akacheka, akabusu kioo. Baba akafungua mlango kidogo, anasoma sungura. Akatoka hatua moja, anasoma. Da-on akatazama simu, akatazama mlango, simu, mlango, akiwa amekunja uso kama mkaguzi. Hadithi ilipofika mwisho alikuwa ameshika kidole gumba cha baba yake, bado hamtazami. Kidole kimoja, lakini ni chetu.

Jioni: "Jumla wanne, hayupo mmoja."

"Sababu?"

"Yuko bandarini." Alilisema kwa hasira kidogo, kama askari anayeona makao makuu yanamzembea.

Alhamisi, 19 Aprili

Mama mkwe amefika na magunia mawili na mto wa kukalia. Ameikagua nyumba, hakupata kosa, akakagua mara ya pili. Wakati wa kuhesabu watu alingoja atajwe. Tae-o akasema jumla wanne.

"Na mimi?"

"Bibi ni mgeni."

"Nimekuzalia baba, mimi ni mgeni?"

"Amri ilisema wanne," akajibu kamanda. Bibi akanigeukia mimi, kana kwamba nimemfundisha.

Ijumaa, 20 Aprili

Gang-uk amepiga simu. Pampu ya meli imevunjika, mafundi wanabaki mpaka itengenezwe, huenda mpaka kesho jioni. Saa sita mchana ndiyo sherehe. Mama mkwe aliyasikia yote, akamenya vitunguu saumu vingi kuliko tunavyohitaji.

Nilishuka kumwambia Mama Yu-chan asihangaike kupika sana. Mumewe alikuwa sebuleni, amenyoosha miguu, kwa mara ya kwanza tangu Januari. Mama Yu-chan alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nipande nikalale. Nilipofika ngazi ya tatu nikasikia mlango umefungwa na sauti yake inaanza. Sijui alimwambia nini. Ninachojua ni kwamba ufagio anao.

Jumamosi, 21 Aprili

Kila kitu kilikuwa tayari saa tano na nusu. Da-on kavaa vazi la rangi, kofia ndogo imemwangukia jicho moja. Mezani uzi, kalamu, noti, mchele, mpira, rula. Mama mkwe alitandika mto wa baba. Nikaona mkono wake unaikaribia kofia ya Gang-uk kwenye msumari, akasita, akaiacha. Sisi sote tulitazama saa bila kuitazama.

Saa sita kasoro kidogo nikasikia miguu ngazini, ghorofa tano kwa mbio. Mlango ukafunguka. Gang-uk, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko, na nyuma yake mkubwa wake, mume wa Mama Yu-chan, akihema kama ng'ombe. "Nimekuleta," akamwambia mkewe. "Sasa niache."

Gang-uk alinawa, akakaa kwenye mto. Da-on aliwekwa mbele ya meza. Akaishika noti, akaitupa. Akachukua rula, akampiga nayo baba yake gotini, mara mbili, akacheka kwa sauti, kisha akampandia mapajani akakaa humo na rula yake kama mwenye nyumba.

"Fundi," akasema mama mkwe. "Tena mkali." Nilitazama huku na huku nikacheka, na safari hii taya hazikuuma.

Tukala. Nilipoanza kuitoa meza, mama mkwe alinizuia kwa mkono. Akarudisha uzi mahali pake, kalamu, noti, mchele, mpira. Akamnyang'anya Da-on rula kwa biskuti. Akanyoosha kitambaa.

"Tae-o," akasema. "Njoo ukae hapa. Baba yako hajakuona ukichagua."

Kumbe aliyajua. Sikumwambia mimi. Mtoto mwenyewe alimwambia juzi, wakimenya vitunguu.

"Mama," nikasema, "hii si imechelewa? Ni miaka minne."

Hakunitazama. "Kuna miezi imeongezeka," akasema. "Kuhesabu najua mimi."

Tae-o alikaa amenyooka. Alimtazama baba yake kwanza, kuhakikisha anatazama. Gang-uk alikuwa anatazama, machozi yanamdondoka kwenye nywele za Da-on. Mtoto akauliza kila kitu ni cha nini, na bibi yake akamjibu kimoja kimoja bila kuharakisha. Mwisho akauchukua uzi. Wa kuishi miaka mingi. Akaenda nao mpaka kwa baba yake, akaufunga kwenye kifungo cha shati lake, fundo la kwanza, la pili, la tatu, na ncha ya pili akaishika yeye.

"Huyu atakuwa mfunga meli," akasema mume wa Mama Yu-chan, na nyumba nzima ikacheka, na chini hakukuwa na mtu wa kugonga dari, maana wote walikuwa kwetu.

Wageni waliposhuka, nilikuwa jikoni mikono kwenye povu. Kamanda akasimama mlangoni, uzi bado umemzunguka kidole.

"Ushindi. Naripoti. Jumla..." Akasita. Akageuka. "Bibi, wewe ni wa kwetu?"

"Mimi ni wa nani basi?"

Akarudi kwangu. "Jumla watano. Waliopo watano."

Nami kwa mazoea nikauliza, "Sababu ya kutokuwepo?"

Akanitazama kama askari mpya asiyejua kazi.

"Mama," akasema, "hakuna asiyekuwepo."